Karani na Jibu la Hodi

Sikuwahi kumwona Karani akimsamehe mtu, na hiyo ndiyo sababu nilimpenda. Watu wote walionijia baada ya kifo cha mdogo wangu waliniambia nimwachie Mungu. Karani aliniambia Mungu ana kazi nyingi, nivute kiti nikae.

Jina lake nalijua, lakini hapa Mbinga mjini hakuna aliyelitumia. Mama huyu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa muda mrefu kuliko mahakimu wote walioipitia, na alipostaafu aliondoka na cheo kile kama mtu anavyoondoka na koti lake. Akaweka meza kwenye baraza moja karibu na soko, akawa anawaandikia watu barua, wosia, malalamiko na maombi ya kazi. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza hilohilo, upande wa pili wa nguzo. Miaka tisa tulitenganishwa na nguzo ile tu. Yeye aliniita Fundi. Mimi nilimwita Karani, baada ya shikamoo, na shikamoo yenyewe hakuidai kwangu peke yangu. Aliidai hata kwa hakimu kijana aliyepita na gari, na hakimu aliteremsha kioo akaitoa.

Kinyongo chake kilikuwa na utaratibu. Kulikuwa na mwenye bucha aliyewahi kumfungia mifupa ndani ya kilo ya steki, zamani sana, kabla mimi sijahamia mjini. Karani hakurudi kwake tena. Ila kila wiki ya Krismasi alisimama mbele ya bucha ile, akanunua nyama kwa jirani yake, akahakikisha ameonekana, ndipo akaondoka. Mwenye bucha akazeeka, akamwachia mwanawe kazi. Karani akaendelea na mwanawe.

"Mtoto kakosa nini?" nilimuuliza.

"Karithi bucha," alisema. "Na mifupa karithi."

Kanisani alikaa benchi la tatu upande wa kushoto, kwa sababu benchi la pili alikaa mwanamke aliyewahi kutoa ushahidi wa uongo mbele ya hakimu, na Karani alitaka kukiona kisogo chake kila Jumapili. Aliniambia anamwombea. Sikumwamini, na yeye hakutegemea nimwamini.

Alikuwa na vijimiche vya kahawa kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, akavipalilia kama watoto, na hakunywa kahawa hata siku moja. Alisema inamtia haraka. Aliwacheka watu wa kwetu ziwani, akasema tunaongea kama tunamwita mtu aliye kwenye mtumbwi, lakini nikirudi kutoka kwetu Ngumbo bila usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, hakunisemesha mpaka mchana. Nilimrekebishia koti moja mara nne, koti la kijivu la kazini, kila mara nikilipunguza, na kila mara alinilaumu mimi kwamba nalikuza. Alikuwa anakonda. Hatukulisema hilo.

Kazini kwake alikuwa na swali moja lililowatesa wateja. Mtu alikuja akasema, nimetukanwa. Karani aliuliza: maneno yenyewe?

"Alinivunjia heshima, Karani."

"Kwa maneno gani?"

"Siwezi kuyasema mbele ya mama mtu mzima."

"Basi yaandike mwenyewe hapa. Mimi natazama barabarani."

Na kweli aligeuka akatazama barabarani, mtu mzima yule akaandika ulimi umetoka nje kama mwanafunzi, na Karani alipogeuka akasoma, akasema, "Hili la tatu si tusi, ni jina la kijiji. Toa."

Kwa siri za watu alikuwa kaburi. Alijua talaka zote za mji huu, alijua nani alimkana mtoto na nani alimpokea, na katika miaka tisa sikumsikia akizitaja. Lakini kusikiliza hakuweza kujizuia. Simu ya mteja wangu ikiita, kalamu yake ilisimama upande wa pili wa nguzo. Siku nyingine mteja akisema kwa simu kwamba yuko Songea, Karani alikohoa. Nilimwambia hivyo si vizuri. Alinijibu kwamba masikio hayana kifuniko, kinywa ndicho chenye kifuniko, na cha kwake hufungwa.

Ndiyo maana nilimweleza habari za Editha.

Editha alikuwa mdogo wangu wa mwisho, mwalimu wa chekechea kule Ngumbo. Alikuwa anatumia dawa, zile za kila siku ambazo mtu akianza haachi. Mtu pekee aliyejua ni mimi. Aliandikishwa kliniki ya huku juu Mbinga ili asipangwe foleni na wazazi wa watoto anaowafundisha, na siku akishindwa kupanda gari, mimi nilichukua kwa niaba yake, nikazifunga katikati ya vitambaa, nikampelekea. Miaka sita. Aliniambia, "Dada, wewe ndiye sanduku langu." Nikamwahidi. Hakufa kwa ugonjwa ule. Alikufa kwa homa ya mapafu, kwa siku tano, akiwa na dawa zake zote zimemezwa kwa wakati.

Tulimzika Ngumbo, nyumbani. Kwetu nyumba ya msiba haina ulinzi. Anayepiga hodi haulizwi ni nani. Anakaribishwa, anaonyeshwa pa kukaa, anamiminiwa maji ya kunawa. Siku moja baada ya maziko nilikuwa nimekaa mlangoni, kwa sababu mama alikuwa hawezi tena kuitikia watu. Akaja kijana mwenye suti nyeusi, ameshika simu kwenye kijiti na kipaza sauti chenye kitambaa chekundu.

"Hodi wenyewe. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa. Karibu, pita."

Nilidhani ni mtu wa kanisa, aje kurekodi nyimbo. Wapo wanaofanya hivyo. Akaingia, akakaa, akala. Kula ndiko kunakoniuma hadi leo kuliko mengine. Alikula ugali wetu wa muhogo na usipa, akaomba aongezewe mchuzi, akamshukuru mama yangu, naye akimwita mama. Halafu, wanawake walipokuwa wanaosha vyombo ufukweni, akaingia chumbani kwa Editha. Kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo, mezani. Aliifungua mbele ya simu yake, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayeonyesha albamu ya harusi.

Alikuwa na chaneli mtandaoni. Ndiyo ilikuwa biashara yake: misiba, ajali, ndoa zilizovunjika, na katikati ya video tangazo la dawa ya mitishamba inayotibu kila kitu. Ya kwetu aliipa kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MWALIMU WA CHEKECHEA AFARIKI, SIRI ALIYOIFICHA YAFICHUKA. Jina lake lote. Kijiji. Namba ya kadi. Sura ya mama.

Ndani ya wiki moja ilikuwa kwenye simu za watu wote wa pwani ya ziwa hadi huku milimani. Mama mmoja alirudisha sweta ambalo Editha alimfumia mtoto wake. Alilirudisha limefuliwa na limekunjwa vizuri, akaliweka kizingitini, akaondoka bila kupiga hodi. Mama yangu aliacha kwenda kanisani.

Niseme kweli. Nilitaka yule kijana afe, tena si haraka. Nilikuwa nikikata kitambaa namkata yeye. Nilishona sketi za shule nikiwa nimemfunga kichwani mwangu kwenye nguzo ya baraza, na kila mteja akipita namwambia, huyu ndiye. Watu waliniona mpole. Upole wangu wote ulikuwa nje.

Nilipompa Karani simu nikamwambia video iko humo, hakuipokea. Aliniuliza kwanza, "Unataka niione, au unataka nijue tu?" Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza hivyo. Wote walikuwa wameshaiona. Nikamwambia aione. Aliitazama mara moja hadi mwisho, na tangazo la dawa akalitazama, akanirudishia simu.

"Huyu," alisema, "ameingia kwenye orodha."

Kwanza nilidhani anasema orodha yake ya kina mwenye bucha. Kumbe alikuwa amesikia redioni kwamba ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi, na ofisi ya serikali ya kuisimamia. Akamwagiza mtu Songea amchapishie sheria yote. Ilikuja karatasi moja moja, zikapeperuka barazani, akanipa nizipige mshono mmoja pembeni kwa cherehani. Sindano mbili zilikatika. Wiki mbili alikuwa anaisoma kwa rula, mstari kwa mstari, na mara nyingine alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeona ufunguo wa ghala.

"Fundi! Unajua kwamba anayekusanya habari za watu lazima ajiandikishe?"

"Sijui, Karani."

"Na lazima akuambie anazikusanya kwa ajili gani. Kabla. Si baada ya kula."

Siku ya kuandika malalamiko aliniketisha mbele ya meza yake kama mteja, si kama jirani. Alivaa koti. Akaniuliza kila kitu kuanzia suti nyeusi.

"Alipofika mlangoni ulimwambia nini? Maneno yenyewe."

"Nilimwambia karibu."

Kalamu ikasimama.

"Karibu tu?"

"Karibu, pita."

"Nani mwingine alisikia?"

"Mama alikuwepo. Lakini siku ile mama alikuwa hasikii kitu."

Akatazama barabarani muda mrefu, na hakukuwa na mtu anayeandika matusi. Kisha akasema taratibu, "Hapa tunatakiwa kueleza kama kulikuwa na ridhaa. Tunaweza kusema aliingia. Tusiseme aliingiaje."

Ndiyo mara pekee nilimsikia akitaka neno liachwe. Yeye, aliyewafanya wanaume wazima waandike matusi yao. Nikaona jinsi alivyomchukia yule kijana, na niliona kwamba chuki yake ilikuwa imepita hata heshima ya kazi yake. Nami nilitamani kukubali. Mimi ndiye niliyekuwa sanduku la Editha, na mimi ndiye niliyesema pita.

"Karani, wewe ndiye unayetaka maneno yenyewe."

"Nataka."

"Basi nilisema karibu, pita."

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu aliliandika, akaliwekea alama za kunukuu, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, ikabidi aandike upya ukurasa wote.

Nakala ya malalamiko ilipomfikia, yule kijana alipiga simu. Namba yangu ilikuwa kwenye barua. Karani alinipokonya simu, akaweka sauti ya juu, baraza zima lisikie.

"Mama, mbona tunapelekana mbali hivyo? Si tungeongea kifamilia?"

"Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, endelea na uongo wako."

"Uongo gani, mama? Mlinikaribisha wenyewe. Sauti ninayo. Iko mwanzoni kabisa mwa video, dada wa marehemu anasema karibu, pita. Hiyo si ruhusa?"

Sikuwa nimewahi kuitazama video ile tangu mwanzo. Siku ya kwanza nilionyeshwa ikiwa tayari imefika chumbani. Na Karani, aliyeitazama mara moja tu, nadhani neno lile lilimpita. Akanitazama. Tungekuwa tumeliacha lile neno, angetushika waongo pale pale, na hasira yote ya Karani ingekuwa kazi bure.

"Tumeshaandika kwamba alisema," Karani akamwambia. "Ukurasa wa pili. Hukusoma?"

Karani hakungoja jibu.

"Sasa nikuulize. Bwana afya akija kukagua choo, tunamwambiaje?"

"Mnamwambia... karibu."

"Tumempa choo? Anaondoka nacho?"

Mama muuza nyanya wa jirani alicheka hadi akashika meza. Kijana alisema maneno fulani kuhusu uhuru wa habari, kisha akasema kwamba marehemu hashtaki.

"Marehemu hashtaki," Karani alisema. "Ana dada."

Akakata simu. Akailaza sambamba na rula yake, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni furaha.

Maelezo ya ziada aliyoyatuma baada ya hapo ninayo hadi leo, nakala ya kalamu. Sehemu moja inasema hivi: "Karibu ni jibu la hodi. Si jibu la ombi. Mlalamikiwa alipiga hodi, akajibiwa. Ombi hakulileta kamwe, hivyo hakuna alichokubaliwa. Kama karibu ni ridhaa ya kupiga picha, kutangaza ugonjwa na kuuzia dawa, basi katika nchi hii hakuna mtu mwenye faragha kuanzia asubuhi mlango unapofunguliwa." Mwisho kabisa, kwa mistari miwili tu, alitaja kwamba kwa habari za ugonjwa wa mtu, sheria inataka ridhaa yake kwa maandishi, na maandishi hayapo.

Nilipoisoma nikamuuliza, "Hii ya mwisho si ingetosha peke yake?"

"Ingetosha."

"Mbona hukuanza nayo?"

"Ya mwisho ni sheria," alisema. "Ya kwanza inanikera."

Majibu yalichukua miezi. Katikati ya kusubiri Karani alikuwa hakaliki. Alimfuatilia kijana yule kwenye simu kila asubuhi kabla ya chai, akaandika kila video mpya, saa yake na tangazo lake. Alijua amebadilisha suti. Alijua meno yake. Nadhani alimjua kuliko mama yake alivyomjua, na sikuona tofauti kubwa kati ya yeye anavyomchungulia na kijana alivyotuchungulia sisi. Nilimwambia. Alisema, "Mimi sili kwao kwanza."

Mwishowe ikaja barua. Video iondolewe. Na katika kufuatilia ikaonekana kwamba alikuwa anaendesha biashara ile bila leseni yoyote, kwa hiyo chaneli nayo ikasimama. Tulisikia ameuza simu na kijiti chake, yuko stendi ya mji mwingine anauza vifuniko vya simu. Siku hiyo nilifurahi. Sitaki kudanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilinunua soda baridi nikainywa yote barazani, nikimfikiria amesimama juani.

Karani hakufurahi. "Amefuta," alisema. "Kufuta ni kufagia. Adhabu iko wapi?" Na kule video kuwa bado kwenye simu za watu kulimnyima usingizi. Basi akaingia sokoni na sheria yake iliyoshonwa, meza kwa meza.

"Unayo?"

"Ninayo nini, Karani?"

"Video ya mdogo wake Fundi."

"Ilitumwa tu kwenye kundi, mimi sikuomba."

"Futa."

Mwanamke mmoja wa vitenge, mwenye ulimi, akamwambia, "Karani, na wewe unaingia kwenye simu yangu. Hiyo si faragha yangu?"

Watu wakangoja alipuke. Karani akafikiri, kweli kweli akafikiri, akasema, "Ni faragha yako. Umenishinda. Basi nakuomba, na wewe useme ndiyo au hapana. Ukisema hapana naondoka."

Akasimama pale na fimbo yake. Mwanamke akatazama vitenge, akatazama barabara, akasema ndiyo kwa sauti ndogo, akafuta. Wengine wakafuta kabla hajawafikia. Mwenye bucha peke yake hakufikiwa. Karani alipita upande wa pili wa barabara.

Mwaka uliofuata mkono wake wa kushoto ulikufa, asubuhi moja, akiwa anapalilia kahawa. Mpwa wake, mwanamke mkimya mwenye watoto wakubwa, akaja akamchukua akampeleka kwake kijijini Mapera. Meza ilibaki barazani. Nilianza kuwekea vitambaa juu yake.

Nilikwenda Mapera kumwona mwezi wa tano, wakati wanavuna kahawa za kwanza. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni yeye. Ya pili ni simu yake. Nilikuwa nimekumbuka kwamba video tuliyoituma kama ushahidi aliihifadhi kwenye simu yake, pamoja na picha ya kadi ya Editha, barua zote na majina yote. Watu wote walikuwa wamefuta isipokuwa yeye. Mama yangu alikuwa ameanza tena kwenda kanisani. Nilitaka nifute hiyo ya mwisho kwa mkono wangu, nimwambie Editha kwamba sasa hakuna.

Alikuwa amelala kitandani upande wa dirishani, amekuwa mdogo sana. Mpwa wake akaniletea kiti, akatoka.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Usipa uko wapi?"

Nikautoa. Akaunusa kwenye karatasi, akauweka tumboni kama paka aliyelala. Tukaongea habari za soko. Kisha nikamwambia nilichokuja kufanya. Hakubisha. Alivuta simu kutoka chini ya mto kwa mkono wa kulia, akanionyesha kwanza kitu kingine.

Ilikuwa chaneli mpya. Jina jipya, kitambaa cha kipaza sauti sasa cha bluu. Kijana yuleyule, amenenepa. Amesimama kwenye kilima, nyuma yake mashimo ya ngoro, yale ya kuzuia maji mlimani, na mahindi kwenye kingo zake, na anazungumza kwa huzuni ile ile kuhusu kijana wa bodaboda aliyejiua, na mama wa marehemu analia mbele ya kamera bila khanga kichwani.

"Ni hapa hapa Mapera," Karani alisema. "Nyumba ya nne kutoka hii. Yule mama alikuja kwangu juzi. Hajui kuandika. Anasema alimkaribisha."

Nikasogeza kiti karibu na kitanda.

"Nimeanza kumwandikia. Lakini peke yake, watamwona kijana amekosea mara moja. Nikiambatisha la kwenu, watamwona ni mtu aliyekatazwa akarudia. Hapo si kufuta tena. Hapo ni adhabu." Akapumzika, kusema kulikuwa kunamchosha. "Ila kuambatisha la kwenu ni kulifungua upya. Jina la Editha litasomwa tena, na watu wale wale wa ofisini, na pengine na wengine. Mimi siwezi kuamua. Kwa hiyo simu hii hapa. Futa, au sema."

Nilishika simu. Niliona picha ndogo ya video, chumba cha Editha, pembe ya meza. Niliahidi kuwa sanduku. Na pale pale, nikiwa na ahadi yangu mkononi, nilimwona yule kijana anaongezewa mchuzi, na niliona kwamba sijawahi kuridhika, siku ile ya soda na siku zote baada yake. Nilijua pia kwamba Editha angeniambia nifute. Alikuwa hivyo. Mimi siko hivyo.

"Unahitaji maandishi?" nilimuuliza.

"Kila mara."

Alikuwa ameshaiandaa ridhaa, karatasi moja chini ya ile sheria iliyoshonwa, kwa mwandiko wake uliokuwa umeanza kuegemea upande mmoja. Jina langu, uhusiano wangu na marehemu, taarifa zinazohusika. Pakabaki nafasi moja wazi, yenye neno moja mbele yake: Madhumuni.

"Hapo nijaze nini?"

"Ukweli. Wanavyoandika watu ni, ili haki itendeke. Au, ili wengine wasidhurike. Yote mawili yanapokelewa."

Nilifikiria yote mawili. Yalikuwa maneno mazuri, na sehemu yake ilikuwa kweli. Nilimwonea uchungu yule mama wa nyumba ya nne. Lakini si hilo lililokuwa linauendesha mkono wangu. Niliandika, Kisasi. Nikatia saini chini, nikamrudishia.

Alisoma. Midomo ilitembea kama ilivyokuwa ikitembea alipokuwa na rula.

"Hili neno halimo kwenye sheria," alisema.

"Najua."

"Watatukataa kwa ajili yake, pengine."

"Pengine. Nikuandikie lingine?"

Akanyoosha mkono wa kulia akaomba kalamu. Nilidhani anataka kulikata. Kumbe alikuwa anaitazama nafasi iliyo chini ya saini yangu, palipoandikwa Shahidi. Akaniambia nimwinue, nimwekee mito miwili mgongoni na koti la kijivu mabegani, kwa sababu shahidi hatii saini akiwa amelala.